Hadithi ya Babu Yenu, Niliyoisimulia Vibaya

Zuhura,

Nimechoka, kwa hivyo usitarajie mwandiko mzuri. Ni Jumapili mchana. Nimepandisha maji kwa ngazi tangu tutoke kanisani, kwa sababu huku tunakokaa maji huja chini na sisi tuko juu, na mtu wa pampu haonekani. Mama amelala na viatu miguuni. Nimemwacha tu.

Ndiyo, tulihama. Hili hukulijua. Baada ya wewe kuondoka, plot tuliyopanga Soweto East, hapo Kibera, ilipigwa alama nyekundu ukutani, tukaambiwa tutoe vitu kabla ya tingatinga kuja. Mama mdogo ana chumba Gatina, Kawangware, akatutafutia kingine kwenye jengo hilo hilo. Ni nyumba ya mawe. Ina dirisha, na dirishani unaona dirisha la jirani, na jirani hukaanga samaki. Mama bado anafua nguo za watu Nyayo Highrise, na mimi bado niko shule yetu, kwa hivyo kila asubuhi tunatoka pamoja kwa miguu, tunavuka Ngong Road, tunashuka Kibera. Mwanzoni tulikuwa tunaongea njiani. Siku hizi tunatunza pumzi.

Nilitaka kukueleza habari za mashindano, lakini kuna jambo linalotangulia. Ni habari ya siku uliyozikwa. Wewe hukuwepo kuisikia, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Mwalimu Barasa aliingia darasani asubuhi, hakubeba kitabu. Alisema kifua kilikubana usiku na kwamba hamkufika hospitali. Alivua miwani, akaivaa, akatoka. Unalijua darasa letu, Zuhura. Nusu ni Waluhya, nusu ni Wajaluo, na wewe Mnubi peke yako. Kwetu mtu akifa kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo husaidia kidogo. Mwili unapelekwa mochari, watu wanakutana kila jioni, wanachanga, wanatafuta gari, halafu siku ikifika mnasafiri usiku kucha hadi ushago, kijijini kwa wazee. Kwa hivyo tukaanza kazi. Mwalimu Barasa alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba basi la shule. Wasichana wakakubaliana wimbo. Mimi nikapewa wasifu wako niuandike, nami nikauandika chini ya dawati wakati wa hesabu, nikafuta, nikaandika tena. Nilidhani nina siku nyingi za kuutengeneza.

Jioni tukaenda kwenu Makina, sisi wanne, na sukari na leso. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Wenzangu wakanisukuma mbele kwa sababu mimi ndiye niliyezoea pale, niliyekula pale. Bibi yako, ambaye nyote mlimwita Habuba na mimi nikajifunza kumwita hivyo, alikuwa ameegemea ukuta. Nikapiga magoti. Nikamuuliza, kwa sauti yangu hii ambayo haitoki, "Habuba, Zuhura mtamsafirisha lini? Shule imekubali kutoa basi."

Shangazi yako akatazama mkeka.

"Tumsafirishe wapi, mjukuu wangu?" Habuba akasema. "Tumeshamzika. Alasiri. Yuko hapo kwa wazee wake."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinishika kichwa, akaongeza polepole, kama anayemfundisha mtoto njia ya dukani, "Sisi ushago wetu ni huu."

Alasiri, Zuhura. Tulikuwa kwenye kipindi cha hesabu. Ulipitishwa barabara ile ile tunayoitumia kwenda kununua mandazi, wanaume wamekubeba mabegani, na mimi nilikuwa natafuta neno lingine la kusema kwamba ulikuwa mchangamfu. Hakuna aliyetukosea. Nyinyi mlimzika mtu wenu kama mnavyozika. Sisi tukamngojea kama tunavyongoja. Lakini sikukuaga, na basi la shule lilikaa limeoshwa uwanjani siku mbili kabla mtu hajakumbuka kumwambia dereva.

Sasa nikwambie ya mashindano.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Mimi nasoma, wewe unasema. Tangu Form One, Mwalimu Barasa alipotuweka pamoja kwenye chama cha historia kwa sababu majina yetu yalibaki mwisho. Swali likiulizwa, mimi nilikuandikia jibu kwa kidole kiganjani, chini ya meza, na wewe ulisimama ukalisema kana kwamba lilikuwa lako tangu uzaliwe. Mji mkuu kabla ya Nairobi? Nilikuandikia M tu, ukasimama ukasema Mombasa, ukaongeza na habari za reli ambazo hakuna aliyeuliza. Shule zingine zilidhani wewe ndiye kichwa na mimi ni mtu wa kushika maji. Ulipenda kuwaambia, "Huyu Nafula ndio library. Mimi ni spika tu." Kisha unanigeukia, "Lakini hii library inaongea kama imeficha mandazi kwa mdomo."

Wewe nawe ulikuwa na yako ambayo hayakuwa kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kwamba Kibra ni neno la kwenu na maana yake ni msitu. Kwamba Laini Saba ni pale askari walipokuwa wakijifunza shabaha. Kwamba Mwingereza aliwatoa wazee wenu Sudan wakampiganie vita, na vita vilipokwisha akawapa msitu huu wakae, bila hati, kwa neno la mdomo tu. Ulikuwa unayasema tukitembea, unaonyesha kwa mkono, hapa kulikuwa na shamba, pale kulikuwa na ng'ombe, na mimi nilikuwa naona mabati tu na mama wa samaki akitufukuza tusimzibie biashara.

Mwaka huu mashindano ya kaunti yalikuwa na sehemu mpya. Kila shule isimulie mtu mmoja mashuhuri katika historia ya nchi. Wewe ulikuwa umeshaamua. Mzee Marjan, babu yake Habuba, askari katika vita vya kwanza vya Wazungu, aliyekwenda kupigana na Wajerumani kule ambako leo ni Tanzania. Na kisa chenyewe ulinisimulia mara nyingi mpaka nikawa nakiona. Afisa wake Mzungu anapigwa risasi mguuni. Mto Rufiji umefurika. Mzee Marjan anamweka mgongoni, anaingia majini, maji yanafika shingoni, anavuka. Ulikuwa ukifika hapo unashusha sauti. Ulisema, "Siku hiyo wataandika jina lake. Hata kama ni kwa karatasi ya alama tu, itaandikwa."

Nikawa na jambo hilo, Zuhura. Kila mtu alikuwa na kitu chako, Habuba ana nguo zako, ndugu yako ana simu yako. Mimi nilikuwa na Mzee Marjan, na hakuna mwingine pale shuleni aliyemjua. Nikinyamaza, amekwisha.

Na nilitaka kunyamaza. Sikufichi. Nilimwendea Mwalimu Barasa nikamwambia amtafute mtu mwingine, mimi sitaweza kusimama. Akasema angeweza kumtafuta, lakini huyo mwingine angesimulia mtu wa kitabuni, mpigania uhuru ama mwanariadha, kwa sababu ndivyo watu wanavyoshinda. Alinieleza vizuri, bila kunidharau. Alisema majaji wana karatasi yenye vigezo, na mtu wasiyemjua wanampa alama kidogo. Kisha akasema, "Lakini huyo mzee wa Zuhura ukitaka kumpeleka, itabidi umpeleke wewe mwenyewe. Mimi simjui."

Nilifikiri njiani kurudi Gatina. Sikufikiri mambo makubwa. Nilifikiri jinsi miguu inavyouma, na kwamba kesho nitapita tena nyuma ya msikiti wa Makina, na keshokutwa, na nitakuwa napita hivyo nikijua nimemnyamazia Mzee Marjan. Nikamwambia Mwalimu nitakwenda.

Mashindano yalifanyika kwenye shule moja kubwa upande wa pili wa Ngong Road, ukumbi wenye mapazia. Maswali ya haraka niliyajibu kwa kuandika, mwaka huu waliruhusu. Halafu ikafika hadithi. Nilisimama. Nilikuwa nimezoea kusikia kiti chako kikisukumwa kwanza, na safari hii kiti kilikuwa changu. Nilianza chini sana, na mwanamume mmoja nyuma akasema, "Hatusikii huko." Nikaanza tena. Nilisema habari za msitu, za askari, za kutembea kwa miguu kutoka Sudan kupitia Uganda. Nilisema ya mto. Nilipofika kwenye maji ya shingoni sikushusha sauti kama wewe, kwa sababu nikishusha yangu hubaki kimya tu. Niliongeza. Ilikwaruza, lakini ilitoka.

Jaji wa kati, mama mmoja mwenye kilemba kizuri, alinishukuru. Akauliza, kwa upole kabisa, "Lakini huyu mzee tumweke nchi gani? Ni shujaa wa Sudan, ama wa Kenya?"

Watu walicheka kidogo. Si cheko baya.

Wewe ungejibu kabla hajamaliza. Mimi nilisimama pale, kidole changu kikiandika kwenye sketi bila kiganja cha kuandikia. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinichokoza kila nilipokuita Mnubi, "Mnubi ni mimi, lakini Mganda ni wewe." Basi nikasema hilo. Nilisema, "Mimi ni Mluhya. Babu wa babu yangu alizaliwa mahali palipokuwa Uganda. Wazungu walisogeza mpaka, akaamka yuko upande huu, na hakuwa ametoka hata kwa boma lake. Hakuna mtu ameniuliza mimi niwekwe nchi gani. Mzee Marjan alikuja kwa miguu yake. Amezikwa hapa, na watoto wake wamezikwa hapa, na rafiki yangu amezikwa hapa. Ni wa hapa."

Nikakaa. Mwalimu Barasa alivua miwani, akaivaa.

Hatukushinda. Aliyeshinda alimsimulia mwanariadha, na alisimulia vizuri, alikimbia jukwaani na kila kitu. Lakini jaji aliniita baadaye akaniomba nimtamkie jina la mzee herufi kwa herufi, akaliandika kwenye karatasi yake. Nilidhani hapo ndipo barua hii ingekuwa inaishia.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa Habuba kumpa habari. Alikuwa uani anashona kawa, ile mifuniko ya sinia ya rangi rangi mliyotundika ukutani. Anashona polepole sana siku hizi. Tangu siku ile ya mkeka sikuwa nimemwona akitabasamu, na shangazi yako aliniambia mlangoni kwamba hali chakula vizuri. Nilimwambia jina la babu yake limeandikwa na jaji wa kaunti. Akaweka sindano chini. Akaniambia nisimame nimsimulie vile vile nilivyosimulia ukumbini, nisiache kitu.

Nikasimama pale katikati ya kuku. Nikasema yote. Nilipofika mtoni, Mzungu mgongoni, maji shingoni, niliona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Nikanyamaza.

"Endelea," akasema. Kisha akasema, "La, ngoja. Nani alikuambia Marjan alimbeba Mzungu?"

Nikasema ni wewe.

Zuhura, alicheka. Alicheka mpaka akajifuta uso kwa mtandio, mpaka shangazi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kuna nini. Habuba akamwambia, "Njoo usikie uwongo wa Zuhura," na shangazi yako akasikia, naye akaanza kucheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

"Marjan hakumbeba mtu," Habuba akasema. "Marjan ndiye aliyebebwa."

Nikuandikie alivyonisimulia, kwa sababu alisema aliyasikia kutoka kwa mzee mwenyewe alipokuwa mtoto mdogo, amekaa miguuni pake. Mzee Marjan alishikwa na homa. Jeshi lilikuwa linarudi nyuma haraka, na aliyeshindwa kutembea aliachwa na kibuyu cha maji. Walimwacha chini kando ya njia. Nyuma ya askari walikuwa wakija wapagazi, wale wanaume waliokamatwa vijijini kubeba mizigo ya jeshi kichwani, na hao ndio waliokufa wengi zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Mmoja akasimama. Akautua mzigo wake, jambo ambalo lingemfanya achapwe viboko, akamweka Marjan mgongoni, akavuka naye mto. Ng'ambo akamshusha, akarudi kuuchukua mzigo. Basi. Hawakuonana tena.

Nikauliza alikuwa mtu wa wapi. Habuba akasema ni wa huko upande wa ziwa, Mluhya au Mjaluo, mzee hakujua kutofautisha. Nikauliza jina.

Akachukua sindano yake. "Alimuuliza jina, akaambiwa. Lakini homa ilikuwa kichwani. Mpaka anakufa alikuwa akitukusanya sisi watoto anasema, jina la mtu aliyenipa nyinyi nimelisahau."

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Habuba alikula, nilimwona. Alikula mkate wote.

Sikukasirika na wewe. Nilijaribu njiani, kwa sababu umenifanya nidanganye ukumbi mzima na jaji mwenye kilemba. Lakini nadhani najua kwa nini uligeuza. Tulipokuwa tukisoma habari za vitambulisho, ulinieleza baba yako, alipoomba chake, alivyoketi mbele ya meza ya watu akiulizwa babu yake alifanya nini hapa, alikuja kwa ruhusa ya nani. Mtu anayeulizwa hivyo kila mara hawezi kwenda na hadithi ya kubebwa. Lazima awe amebeba. Mimi sijawahi kuulizwa, ndiyo maana naona hadithi ya Habuba ni nzuri kuliko yako. Labda kama ningeulizwa ningesema kama wewe.

Nilimwambia Mwalimu Barasa Jumatatu. Nilidhani ataudhika kwamba tulimpeleka jaji kitu kisicho kweli. Badala yake akaniambia kwamba soko la Kariokor lina jina lile kwa sababu pale palikuwa na kambi ya wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza, na kwamba baba yake alikuwa akiuza viatu vya matairi pale miaka mingi na hakuwahi kujiuliza. Nami nilikuwa naijua habari hiyo. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu nikiwa Form One. Kuijua tu hakukunifanyia kitu.

Sisemi mtu yule alikuwa wa ukoo wangu. Wengi walichukuliwa, na babu zangu wenyewe hakuna aliyeacha hadithi, waliacha tu shamba lililogawanywa mpaka likaisha. Lakini siku hizi nikipandisha ndoo hapa ngazini, na mgongo unauma, namfikiria anavyorudi ng'ambo kuuchukua mzigo. Sehemu hiyo ndiyo inayonishinda. Angeweza kuuacha.

Habuba amesema mvua zikipungua atanipeleka nisimame nje ya ua wa makaburi anionyeshe ulipo. Amesema niende nimejifunika kichwa, nisiende na maua, niende na dua. Nimemwambia sijui dua zenu. Amesema nitumie zangu, kwa sauti ndogo, hapo sauti ndogo inafaa.

Jaji nimemwandikia ukurasa mmoja kumweleza kilichotokea hasa, na Mwalimu atampelekea. Mwaka ujao mashindano yatakuwepo tena na jina langu limeshaandikwa. Mwalimu ameniwekea msichana wa Form Two anayeongea sana, nami nimemwambia msichana huyo maswali ya haraka ni yake, lakini hadithi ikifika aketi, hadithi ni yangu.

Basi nakuahidi hivi. Nitamsimulia Mzee Marjan akiwa mgongoni mwa mtu, homa imemshika, bunduki imebaki upande ule mwingine, hajui kama atafika. Na huyo aliyembeba nitamtaja kwanza, ingawa sina jina la kumpa. Jaji akiuliza tumweke nchi gani, nitamwambia aandike wote wawili ukurasa mmoja.

Mama ameamka, anauliza maji yako wapi. Pumzika, Zuhura. Mimi bado nina ngazi.

Rafiki yako,
Nafula